Sajini Taratibu Anarudi Kwao Mlimani

Ijumaa hii Sajini Taratibu anavua magwanda baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, ishirini na sita kati ya hiyo katika kituo hiki hiki. Nimepewa kumwandikia wasifu huu kwa kuwa ni mimi niliyemwendesha kwenye gari la doria, na nimeonywa niuchangamshe. Haya, nitajaribu.

Jina la Taratibu alilipata kwa halali. Maelezo ya mtuhumiwa aliyaandika kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza, na ole wako umharakishe! Siku moja aliingia mahabusu kukagua kitasa kipya, mlango ukajifunga, ufunguo uko mezani. Alikaa humo kimya saa nzima kwa kuogopa kuchekwa, mpaka mlevi wa chumba cha pili akaanza kupiga kelele kwamba Sajini apewe dhamana. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, naye akacheka nasi.

Kisha ikaja operesheni ya bangi kule mlimani. Mara mbili tulipanda, mara mbili tukarudi mikono mitupu. Tuliona mahindi tu. Sajini alizaliwa huko. Alijua kwamba bangi hukatwa vilele isiyapite mahindi, maana utotoni aliimwagilia maji yeye mwenyewe. Alimwomba mkuu wa kituo amwache asiende safari ya tatu, akakataliwa. Hakuna mwingine aliyezijua njia zile.

Shamba la tatu tulilofika siku hiyo lilikuwa la kaka yake, aliyemlea tangu baba yao afariki. Angeweza kutupitisha mbali, na wallahi hakuna ambaye angejua. Alisimama, akaonyesha. Kaka mtu akatoka ndani, akanyoosha mikono, akasema pingu atafungwa na mdogo wake, si mtu mwingine. Akamfunga. Niliwasha gari machozi yananitoka, na sioni haya kuyasema.

Sajini alipewa cheti cha utumishi bora. Kaka alipewa miaka minne. Bangi yenyewe msimu uliofuata ilichipua ng'ambo ya pili ya mlima. Tangu kaka atoke gerezani hawajasemezana. Hata kwenye mazishi ya mama yao walibeba jeneza moja bila kusalimiana.

Fomu ya kusafirishiwa mizigo inauliza mstaafu atahamia wapi. Mara mbili aliirudisha nafasi hiyo ikiwa tupu. Jumatatu akaijaza: kwao, kwenye kiwanja kinachopakana na cha kaka yake. Nilimuuliza kama kaka ana habari. Akanijibu kwamba hajui, ila umri umekwenda na kaka mwingine hana.

Sajini, asante kwa zamu zote za sikukuu ulizotushikia sisi wenye watoto wadogo. Jumamosi nitakupandisha mimi mwenyewe, na sitashusha hata godoro kabla hatujamwona kaka yako mlangoni. Asipotoka, tutakaa garini tumsubiri. Kituo kizima tunakuombea uzee wa amani, na yeye tunamwombea moyo wa kutoka nje.