Kibanda cha Mok Kam-shing Kitafunguliwa Jumatatu

Ndugu, majirani na wateja mliofika katika ukumbi huu wa mazishi wa Hung Hom leo Jumamosi, tarehe 1 Desemba 2012, haya ndiyo maisha ya Mok Kam-shing, yaliyoandikwa na mdogo wake Mok Kam-yiu, karani mstaafu, ambaye ndiye anayeyasoma, na ambaye amelinganisha kila jina na kila tarehe na hati zilizopo.

Mok Kam-shing alizaliwa tarehe 9 Februari 1935, Sheung Wan, Hong Kong, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Bwana Mok Tin-fuk, mfagiaji wa barabara wa serikali, na Bibi Chan Sei-mui. Baba aliuawa na bomu mwezi Desemba 1941 akiwa kazini, siku kamili haikuandikwa popote, na vita vilipokwisha serikali ikampa mjane wake kibali cha kuuza chai kwenye ngazi za mawe zinazopanda mtaa wetu, kama ilivyowapa wajane wengine wa watumishi wake.

Alisoma shule ya misheni kuanzia Septemba 1946 hadi Julai 1951, ambako mwalimu aligawa majina ya Kiingereza kwa kufuata viti, kiti cha tatu, alichokalia Kam-shing, kikapata Cuthbert, na kila Cuthbert alipoitwa, yeye aligeuka nyuma kumtafuta huyo Cuthbert, akachapwa, na kesho yake akageuka tena. Mdogo wake alipewa jina la Alfred, akaitika, na mpaka leo anaitika.

Mwaka 1956 leseni ya kibanda iliandikwa kwa jina lake, na tangu hapo, kwa miaka hamsini na sita, alikuwa akifungua saa kumi na mbili asubuhi, akichuja chai nyeusi ya Ceylon kwa mfuko wa kitambaa, akiikoleza kwa maziwa ya kopo, na kwa waliotaka akichanganya chai na kahawa katika kikombe kimoja, kinywaji ambacho wageni kutoka Ulaya walikicheka kabla ya kukionja, wakaagiza cha pili. Tarehe 1 Julai 1997, bendera ya Waingereza ilipobadilishwa kwa ya China, alifungua saa kumi na mbili vilevile, na mwandishi wa habari alipomuuliza mabadiliko anayaonaje, alimjibu, "Sogeza mguu, bwana, umekanyaga sukari yangu."

Wageni walianza kuja wengi baada ya kibanda kutajwa katika kitabu cha wasafiri, wakishuka kutoka kwenye hoteli za vioo wakiwa na ramani, naye aliwakalisha kama alivyowakalisha wenyeji, yaani popote penye kigoda kitupu, bega kwa bega na hamali, karani wa benki na bibi wa duka la ubani, na kila mtu akaosha kikombe chake mwenyewe kwa chai ya moto. Mgeni mmoja aliomba meza ya peke yake, akaambiwa, "Meza ya peke yako unayo kwenu, mzee. Umepanda ndege kuja kukaa na watu, haya, kaa na watu." Alikaa, na hamali akamwonyesha namna ya kuosha kikombe, na mgeni huyo alirudi kila mwaka mpaka alipofariki.

Bibi Fung Lai-heung, mjane mwenye binti mmoja, alianza kazi kibandani tarehe 4 Machi 1974. Marehemu hakujaliwa mtoto wa kumzaa, lakini binti huyo, Yuk-lan, alifanyia kazi za shule kwenye meza ya kibanda, akasomeshwa naye, na leo ni mwalimu. Kwa miaka thelathini na minane Mok Kam-shing na Fung Lai-heung walifanya kazi wakiwa hatua mbili tu mmoja kutoka kwa mwenzake, wakigombana juu ya chumvi, na hakuna aliyewauliza chochote.

Tarehe 3 Aprili 2012 marehemu aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye pafu la kushoto. Wiki iliyofuata Bwana Yip Chi-lung, afisa wa leseni, alifika na fomu, akaeleza kwa adabu kwamba wageni siku hizi wanapenda mji safi, kwamba kwa sheria ya sasa leseni hizi za zamani hazirithiwi na mtoto wala ndugu, ni mume au mke tu, na kwamba mwenye leseni akifariki kibanda kitavunjwa, kwa hiyo ni heri airudishe kwa hiari.

"Mzee Mok, una mke?"

"Sina."

"Basi weka sahihi hapa chini."

Marehemu hakuishika kalamu, aligeuka kwa Bibi Fung aliyekuwa akisuuza vikombe, akamwambia, "Lai-heung, una kazi gani Jumanne ya tarehe kumi na tano mwezi ujao?"

"Jumanne nachemsha mifupa ya supu."

"Ichemshe mapema. Twende tukaoane."

"Mimi si fomu, Mok Kam-shing, usinijaze mbele ya watu. Kama unaniposa, nipose. Kama unaposa kibanda, kiulize chenyewe."

Watu waliokuwa vigodani waliacha kula, bibi wa duka la ubani akasema kwa sauti kwamba mzee amekwama, na marehemu akafuta mikono, akavua aproni, akasema, "Miaka thelathini na minane sijawahi kunywa chai iliyochujwa na mtu mwingine isipokuwa wewe. Nilidhani unajua." Bibi Fung akamjibu kwamba alikuwa anajua, ila alitaka hamali nao wasikie.

Walifunga ndoa tarehe 15 Mei 2012 mbele ya msajili. Desturi yetu ni kwamba wadogo wa bwana harusi huwapelekea maharusi chai kwa mikono miwili na kumwita bibi harusi kwa cheo chake kipya, na mdogo wake marehemu ni mmoja tu, Mok Kam-yiu, ambaye hakwenda. Alikuwa amemwambia, "Kaka, watu watasema umeoa leseni," naye marehemu akamjibu, "Waseme wakiwa wamekaa, Kam-yiu, maana wakisema wamesimama wananizibia njia." Mdogo mtu alikasirika, akabaki nyumbani, na chai ya ndoa hiyo haikupelekwa na mtu yeyote.

Marehemu alilazwa tarehe 28 Oktoba 2012 na kufariki Jumanne, tarehe 20 Novemba, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Tarehe 23 Bwana Yip alikuja nyumbani kwa Mok Kam-yiu kuuliza kama familia iliitambua ndoa hiyo na kama chai ilitolewa, naye, kwa kuwa amezoea kujibu swali kama lilivyoulizwa, alijibu kwamba chai haikutolewa, Bwana Yip akaandika kwamba ndoa ina shaka, huenda ni ya leseni tu, na tangu siku hiyo ombi la Bibi Fung la kurithi leseni limesimamishwa na kibanda kimewekwa karatasi ya kuvunjwa. Jibu lile lilikuwa la kweli, na lilikuwa la aibu.

Wazee wanasema chai ya ndoa hainywewi mbele ya jeneza, kwamba furaha na msiba havikai ukumbi mmoja. Mok Kam-yiu ameishika desturi miaka sabini na minne, na leo anaivunja akiwa na akili timamu. Birika liko hapa, chai imechujwa asubuhi hii kwa mfuko wa marehemu, na kabla jeneza halijafungwa, mbele yenu nyote, ataipeleka kwa mikono miwili kwa Bibi Fung Lai-heung, atapiga magoti, na atamwita shemeji. Bwana Yip alialikwa, amekuja, ameketi safu ya nne na kalamu anayo. Aandike tarehe, aandike saa, na majina ya mashahidi ayachukue mlangoni, wako mia mbili na kumi na mmoja. Kibanda kitafunguliwa Jumatatu, tarehe 3 Desemba, saa kumi na mbili asubuhi, na atakayekuja kukivunja atakuta vigodani wenyeji na wageni wamekaa bega kwa bega, na heshima ya kofia yake ya serikali haitamsaidia.

Familia inamshukuru Daktari Tse Wing-hong na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani wa ngazi zetu waliosukuma kitanda chake hadi barabarani gari liliposhindwa kupanda, hamali wa soko waliobeba maua bila kuombwa, walimu wanaofundisha na Yuk-lan, na wageni waliotuma salamu kutoka nchi ambazo marehemu hakuwahi kuziona na ambazo hakuona haja ya kuziona, maana zilikuja zenyewe kunywa chai kwake.

Shemeji, tafadhali kaa. Chai inakuja.

Mok Kam-shing, kaka, pumzika kwa amani. Kelele tuachie sisi.