Mikono Miwili ya Amal

Kwetu Aktau, siku ya Amal, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ukikutana na uliyegombana naye mnapeana mikono miwili, na ugomvi umekwisha. Siku hiyo bibi mmoja aliyeketi mbele yangu basini alikuwa amezunguka mji mzima bila kushuka.

Kijana aliyekaa kando yake, amevaa joho jipya lililodariziwa ambalo bado lina lebo ya duka, hakuweza kunyamaza. "Bibi, leo wazee hukaa nyumbani, sisi tuje kuwaamkia. Taifa lisilo na mila ni mti usio na mizizi!"

"Maneno hayo yameandikwa kwenye lebo?" bibi akamuuliza. "Enzi za Wasovieti, ilipopigwa marufuku, tuliadhimisha Amal tumefunga mapazia. Usinifundishe, mjukuu wangu."

"Sasa mbona umekimbia nyumba?"

"Namkimbia jirani yangu Kulyash. Aliwaambia waliokuja kumposa mwanangu kuwa maandazi yangu yanafaa kujengea ukuta. Akinikuta leo, itabidi nimsamehe. Siku ikipita, nitamnunia kwa raha zangu mwaka mzima."

"Lakini bibi, kusamehe ndiyo Amal yenyewe!"

"Amal naipenda. Kulyash ndiye simpendi."

Kijana alikuwa anajiandaa kulitetea taifa basi liliposimama. Akapanda mama mmoja mnene, akihema, mikono yote miwili mbele.

"Nimekutafuta basi hadi basi!" akamwambia bibi.

Dereva akazima injini, naye atazame. Bibi akaitazama ile mikono, kisha akamsukuma kijana.

"Haya, mpokee Kulyash. Si wewe mwenye mila?"