Silas Buya na Maji ya Mafiga
Na Winfred Kavumbi, afisa wa habari

Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, Silas Buya anastaafu baada ya miaka ishirini na minane akiwa mchoraji wa ofisi yetu ya kilimo hapa Garsen. Nimekaa naye chumba kimoja kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo naomba nisamehewe nikipumua kwa nguvu kidogo.

Aliajiriwa kuandika vibao. Mwaka 1999 alitumwa Mombasa kununua rangi, akaingia mahali pa kukodisha kompyuta, na ukiniuliza mimi, hajatoka humo mpaka leo. Alirudi siku tatu baadaye bila hata brashi, akiwa na karatasi alizochapisha za namna ya kuchora maji yanayotembea, somo la mwalimu wa Brazili ambaye hajawahi kumtia machoni. Bosi wa wakati huo alimwandikia barua ya onyo. Silas alifanyia mazoezi ya maji nyuma ya barua hiyo.

Kila anachokijua kuhusu kuchora alikitoa mtandaoni. Mtandao ukipotea, naye hupotea. Mara ngapi tumemtafuta mkutanoni tukamkuta juu ya ngazi ya tangi la maji, simu kaiinua, akingoja picha ifunguke? Wageni kutoka makao makuu walimsalimia akiwa huko huko juu.

Humo mtandaoni ndimo alimokutana na Guracha, mchuuzi wa mbuzi wa Madogo. Mto ukijaa kule, Guracha aliupiga picha, na kwa kuwa maji huchukua siku kadhaa kutufikia, Silas alichora onyo akalisambaza vijijini kwa simu. Mimi niliandika taarifa rasmi, zenye aya zilizopangwa. Zilikuwa taarifa nzuri.

Onyo lake la kwanza lilionyesha maji yakimfika mtu magotini. Watu wa kijiji cha Wema wakabishana ni magoti ya nani. Wakakubaliana kwamba aliyechorwa ni mfupi, magoti yake ni vifundo vyao, wakabaki. Maji yakazoa kuku na mahindi ya ghalani. Silas aliumia kweli, akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na katika kupita huko akaona kitu ambacho hakikosekani katika jiko lolote. Tangu siku hiyo huchora mafiga. Maji chini ya mafiga, hamisha kuku. Maji juu ya mafiga, hama wewe. Hakuna aliyebishana tena.

Mwaka juzi mto ulipofurika, nilimpigia simu mama yangu, Kabibi, anayeishi Wema, nikamsomea taarifa yangu yote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia kwamba amehama tangu asubuhi, Silas ametuma mafiga. Kesho yake nyumba haikuwepo. Nilikasirika wiki nzima, na sijui nilimkasirikia nani.

Sasa sikieni la kuudhi zaidi. Guracha amehamia Isiolo kwa wanawe. Kwa miezi sita Silas ametafuta mtandaoni mtu mwingine wa kuutazama mto huko juu, asimpate. Kwa hiyo mtu huyu, asiyeweza kunywa chai bila mtandao, anakwenda kustaafia shamba la shemeji yake huko Chewele, kando ya mto huko huko juu, ambako simu hushika ukisimama juu ya tuta, tena siku ikikubali. Tumemsihi, tumemgombeza, tumemtuma mchungaji. Jibu lake ni kwamba mto hauwezi kukaa bila mtu.

Picha atapiga yeye. Kuchora ameniachia mimi niliyemcheka miaka yote hii. Tangu Novemba nachora mafiga, na kila jioni ananirudishia, eti yangu yanafanana na viazi.

Mzee Silas, ofisi nzima inakushukuru, na majiko ya Wema pia. Uvune vizuri, upumzike ukiweza, afya isikupungukie. Na mto ukipanda, panda tuta ututumie picha, hata ikiwa mbaya. Mama amejenga tena palepale.