Tundu la Wavu

Benchi lao la kahawa liko kati ya cherehani ya Nyuzi na kibanda cha Profesa, fundi redio, na asubuhi hiyo hakuna aliyegusa kazi. Jana walikwenda ukumbini bure, maana Nyuzi ndiye aliyeshona mavazi ya mchezo. Katika mchezo huo, mwanamume anarudi kwao, kijiji kidogo cha wavuvi, baada ya miaka mingi. Anamkuta mama yake anashona wavu, na mama hainui kichwa. Mwana anakaa chini, anaushika wavu, taa zinazimwa. Watu walisimama wakapiga makofi mpaka viganja vikauma. Nyuzi alibaki kitini, akijifanya anatafuta kofia. Naye kwao ni kwa wavuvi, na mwaka wa kumi na nne huu anasema, "Nitakwenda mwakani."

— Ule ndio mchezo! alisema Breki, dereva wa lori mstaafu. Nimelia mbele za watu, na sioni haya. Ila yule mama, mbona hakumtazama mwanawe?

— Kipofu yule, akajibu Profesa.

— Kipofu anashona wavu?

— Mwenye macho haambiwi tazama.

— Hapo methali umeipakia gari lisilo lake! Mama kasusa tu.

— Basi nikwambie. Kijana alishafia ugenini. Tuliyemwona ni mzimu, ndiyo maana hakuamkiwa.

— Mzimu na sanduku mkononi?

— Msafiri kafiri, bwana!

— Acha hizo. Asiyekuwepo na lake halipo. Mama kamsahau, kwisha.

Uvumilivu ukamwisha Nyuzi.

— Lake lipo, alisema. Lile tundu hamkuliona? Mama kashona wavu mzima, kaacha tundu moja katikati. Kwetu, aliyeuchana wavu ndiye anayeushona. Kijana aliuchana, akaondoka kabla hajaushona. Mama kamwekea. Hakuinua kichwa, lakini sindano alimsogezea.

Profesa akasahau kikombe mkononi.

— Miaka yote ile?

— Yote.

— Loo! Aliyetunga ule mchezo kajaliwa. Na yule mama aliyecheza, Mungu ampe umri.

— Amina, ikaitikia sauti nyuma yao.

Alikuwa binti aliyefuata gauni lake alilolileta juzi kushonwa pindo. Breki alimkodolea macho kitambo ndipo akamtambua. Bila zile mvi za unga, kumbe ndiye mama wa jana!

— Shikamoo, baba, alimwambia Nyuzi. Wengi wamenisifu, lakini tundu umeliona wewe tu. Nawe uliuacha wavu umechanika?

— Marahaba. Niliuacha, mwanangu.

— Na mama bado anashona?

Breki na Profesa wakamgeukia. Miaka kumi na minne wanakunywa naye kahawa, hawajawahi kumuuliza. Nyuzi hakujua.

Akampa binti gauni lake. Kisha, jua halijafika hata utosini, akaifunika cherehani, akamuuliza Breki mabasi ya kwao huondoka saa ngapi.