Risiti za Ujirani

Benchi letu liko mbele ya karakana ya Cheche, mchomea vyuma, aliyelitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya geti la mteja aliyeingia mitini. Hapo tunakunywa kahawa kabla ya kazi, na wengine wetu badala ya kazi. Yupo Godoro, mwenye duka la magodoro na mablanketi mlango wa pili. Yupo Wakili, muuza simu na chaja, na uwakili wake wote ni kwamba shemeji yake anafagia mahakamani. Mimi nashona viatu hapo pembeni, wananiita Soli, na kuzungusha maneno sijui. Asubuhi hiyo Cheche hakuwasha mashine ya kuchomelea. Alitoka na karatasi mkononi, akakaa, akakataa kahawa. Mzee Birika, anayetuuzia kahawa, alimmiminia hivyo hivyo.

— Nimeletewa samansi, Cheche akasema. Jumatatu naitwa mahakamani. Kodi ya biashara.

— Wanasemaje?

— Nisipojieleza wakaridhika, wanakamata vitu. Mashine, jenereta, vyuma vyote. Visipotosha wanaingia nyumbani.

Wakili akanyoosha mkono kama daktari anayeomba ulimi.

— Lete nione. Nani amekukabidhi?

— Nimeikuta imebandikwa mlangoni.

— Basi umeshashinda. Samansi ni mkono kwa mkono. Hii haijakufikia. Irudishe mlangoni ilivyokuwa, halafu pita kama hujaiona.

— Gundi imekauka.

— Nunua gundi.

— Na Jumatatu?

— Jumatatu wewe hujui lolote. Mtu asiyejua utamfunga vipi?

— Kwa pingu, nikasema.

Godoro akatikisa kichwa kwa huruma, nisijue anamhurumia nani.

— Wakili, unampotosha mwenzio. Hapa dawa ni kubadilisha jina. Paka rangi kibao, andika jina la shemeji yako. Wakija, Cheche hayupo.

— Na sura yangu?

— Fuga ndevu.

— Mpaka Jumatatu zitakuwa zimeota?

— Ndiyo maana nasema uanze leo.

Wakili hapendi kuzidiwa, hasa kwa ujinga.

— Ndevu hazitoshi. Afe.

— Afe?

— Afe kidogo. Tunaweka turubai hapa mbele, tunakaa na huzuni, karani akija tunamwambia amechelewa. Marehemu hashitakiwi, kesi inafungwa. Shemeji ameziona nyingi.

— Na mke wangu?

— Unamwambia.

— Nimwambie nini?

— Kwamba umekufa.

Siku nyingine Cheche angecheka mpaka kahawa impalie. Alikunja ile karatasi, akaikunjua.

— Mke wangu hajalala, akasema. Jana amebeba cherehani yake kwenda kuificha kwa dada yake. Kaibeba kichwani, mchana kweupe, watu wanamuuliza kama tunahama.

Godoro mdomo ukamwasha.

— Mimi naona kuna mtu kakuchoma. Au ile mashine ya risiti yenyewe. Mashine zile zina sikio, bwana. Umekaa nayo karibu, unalalamika bei ya chuma, unaisema serikali, yenyewe inapeleka. Ungekuwa unaifunika.

— Kwa nini?

— Kwa blanketi zito. Ningekupunguzia bei.

Nikaona sasa nitamtia mtu nyundo ya viatu.

— Cheche, nikasema, achana na hawa. Soma hapo wanachosema umeuza.

Akasoma, kidole kikifuata mstari.

— Mageti. Madirisha. Haya ni yangu, na yangu nimeyalipia kodi. Magodoro. Mablanketi. Simu. Chaja. Magodoro tena.

Wakili akagundua kuna kitu cha kuangalia upande wa pili wa barabara.

Kwa msomaji ambaye hakai hapa, nieleze. Mtaa huu mashine ya risiti iko moja tu, ya Cheche. Aliinunua ili apate kazi za mashule na maofisi, maana hao bila risiti hawalipi. Wengine tukasema hiyo ni usumbufu. Kisha mteja wa ofisi akija kwa Godoro na kudai risiti, Godoro anamwambia: pita hapo kwa Cheche akutolee. Wakili naye hivyo hivyo. Cheche anabonyeza, karatasi inatoka kwa namba yake na jina lake, hesabu inakwenda kwa watu wa kodi, naye haombi hata senti. Tuliziita risiti za ujirani. Hakuna aliyewaza kwamba mashine haimjui jirani, na kwamba kila karatasi iliyotoka ilisema Cheche ndiye aliyeuza. Mimi sikuwahi kuomba, maana hakuna anayedai risiti ya kiraka cha kiatu. Si kwamba nina akili kuwazidi.

— Basi fumbo liko wapi? nikasema. Jumatatu mnafuatana naye. Godoro unasimama unasema magodoro ni yangu. Wakili unasema simu na chaja ni zangu. Kwisha.

— Kisheria hilo ni gumu, Wakili akasema.

— Gumu wapi?

— Pale pa kusimama.

— Soli, unaongea kirahisi, Godoro akasema. Nikitamka tu, wananifukulia na ya miaka ya nyuma. Mimi nina watoto.

— Na Cheche ana njiwa?

— Sijasema hivyo. Nasema tumchangie ndugu yetu. Nauli ya mahakamani itoke kwetu.

— Mahakama iko nyuma ya stendi, Cheche akasema. Naenda kwa miguu.

Hakusema kwa hasira. Laiti angetukana, ningemsaidia.

— Mimi sikuona ni kitu, akaendelea. Nilijua ni karatasi tu. Mtu unabonyeza, inatoka.

Hapo akatokea mama mmoja mgeni, mtunza stoo wa shule ya bweni, na nyuma yake pikapu imejaa magodoro mpaka juu.

— Habari za hapa, baba zangu. Wale vijana wa dukani wamemaliza kupakia, wameniambia risiti natolewa hapa.

— Mashine watu wa kodi wameifunga, mama, Cheche akasema. Haitoi tena.

— Basi nitaiandika ya mkono, mtu wenu aitie sahihi. Mkuu wangu hanielewi bila karatasi.

Akaweka karatasi juu ya boneti ya pikapu, akafungua kalamu kwa meno.

— Nipeni jina tu. Muuzaji ni nani?

Mzee Birika akainamisha birika, yakatoka machicha. Wakili alikuwa ndani ya kikombe chake kitupu. Cheche alimtazama Godoro jinsi anavyotazama chuma alichokiunga, akisubiri kuona kama kimeshika. Godoro akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

— Muuzaji, mama akarudia polepole, akidhani hatujasikia. Ni nani?