Madawati ya Kuazima

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu Afisa Elimu, Mwalimu Mkuu na walimu wote, ndugu wajumbe wa kamati ya shule, wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi ambao leo mmekalishwa mbele kuliko sisi sote: nawasalimu kwa heshima.

Mshereheshaji amenitambulisha kuwa mwenyekiti mstaafu wa wazazi, mtu aliyepigania madarasa haya manne tunayoyafungua. Mmenipigia makofi, nami nikainamisha kichwa. Wengi mmedhani ni unyenyekevu. Ndugu zangu, ile ilikuwa aibu, na sitashuka hapa kabla sijawaambia ni aibu ya nini.

Mnanijua, mimi ni fundi seremala. Nusu ya vitanda mnavyolalia nimevitengeneza mimi. Basi fikirini: fundi seremala ndiye mwenyekiti wa wazazi, na watoto wa shule yake wanakaa sakafuni. Darasa la tatu lilikuwa na watoto mia moja na thelathini, na madawati kumi na moja. Watu wakipita karakanani walinitania, "Fundi, mbao zako zinaogopa shule?" Nilicheka nao, lakini utani ule ulinichoma.

Miaka mitatu iliyopita tulipata barua. Serikali inatuma wakaguzi wapite shule kwa shule, waone zipi zina hali mbaya zaidi, ili ujenzi uanzie huko. Mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Si angefungua milango yote na kukaa pembeni? Mimi niliona wageni wanakuja, na mgeni akija nyumba husafishwa. Tukapaka rangi ukuta wa mbele, ule wa mbele tu. Nikaenda shule ya kulipia iliyo jirani, nikaazima madawati sitini. Yalikuwa na herufi za shule yao ubavuni. Nilizikwangua kwa randa, kwa mikono hii, dawati moja baada ya jingine. Kuna methali kuhusu nguo ya kuazima. Wazee mnajua inavyoishia, nami siwezi kuimalizia mbele ya watoto.

Hata hivyo watoto walizidi madawati. Nikaagiza nusu ya darasa la tatu na la nne wabaki nyumbani siku hiyo, na Mwalimu Mkuu wa wakati ule akanikubalia.

Asubuhi ya ukaguzi nilisimama getini mwenyewe. Akaja fundi cherehani, huyu mnayemwita Mama Pacha, amewashika mkono mabinti zake wawili, sare zimepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

Nikamwambia, "Mama, wanao wamo kwenye orodha ya kubaki nyumbani. Leo tusitiriane."

Akaniuliza, "Mwenyekiti, unamsitiri nani?"

"Shule yetu."

"Shule ni hawa."

Nikamwambia asinifedheheshe mbele ya wageni, nikafunga geti. Wakageuka. Yule pacha mdogo, maana hata pacha wana mkubwa na mdogo, alitazama nyuma akaniaga: "Kwaheri, babu."

Wakaguzi walikaa saa moja. Walisifu usafi, wakasifu madawati. Kiongozi wao akaandika, "Shule inajiweza, wazazi wanajituma," akanipa kalamu. Nilisaini kwa mwandiko mzuri kuliko ule niliotia kwenye cheti changu cha ndoa. Kesho yake madawati yalirudi kwao, yamechubuka ubavuni. Shule tatu za jirani zikajengewa. Sisi tukaambiwa tunajiweza.

Heshima yangu ilimwangukia nani? Yule pacha aliyeniaga alipata nafasi sakafuni nyuma ya nguzo, mahali ambapo ubao hauonekani. Mwisho wa mwaka akarudishwa darasa. Mwenzake akasonga mbele, na watu wakaanza kusema mmoja ana akili, mwingine ni mzito. Watoto waliozaliwa siku moja wakaacha kwenda shule pamoja.

Mama yao hakukaa akalia. Alichukua utepe wake wa kupimia nguo, akapima darasa urefu na upana. Akahesabu watoto. Akakusanya wazazi kumi na wanne, wauza mboga, kinyozi, dereva, mlinzi wa usiku aliyekuwa akisinzia wima, wakaenda ofisi ya elimu. Wakarudishwa. Wakaenda tena, wakarudishwa. Mara ya tatu karani akawafungulia faili akawaonyesha: shule inajiweza, na hii hapa saini ya mwenyekiti wenu.

Mama Pacha akanifuata karakanani, sindano bado zimechomekwa kifuani mwa gauni lake. Hakuniita mwenyekiti.

"Fundi mwenzangu," akasema, "kesho twende wote ukaseme ulichofanya."

"Watanishtaki."

"Huenda."

"Na heshima yangu je?"

"Mwanangu sasa anaamini yeye ni mjinga. Amejifunza hilo shuleni kwetu. Haya, niambie habari za heshima yako."

Ningependa kuwaambia kwamba nilikwenda kesho yake. Sikwenda. Nilituma mtu aseme naumwa mgongo, na kwa wiki mbili niliumwa mgongo huo huku nikibeba mbao. Mke wangu hakunigombeza. Kila asubuhi aliniwekea mezani dawa ya kuchua, karibu na chai, naye anajua siumwi. Wiki ya tatu nikaona bora ofisi ya elimu kuliko meza ile.

Nilikwenda. Wale wazazi tulioongozana nao, badala ya kunitemea mate, walinipisha nikae mbele. Nikamweleza afisa wa wakati huo kila kitu, mpaka habari ya randa. Akavua miwani. "Mzee, ulisema uongo siku ile, au unasema uongo leo?"

Nikajibu, "Siku ile." Sauti haikutoka vizuri, akaniomba nirudie. Nikarudia.

Wakaguzi walikuja tena, safari hii bila barua, wakawakuta watoto sakafuni. Ndiyo asili ya madarasa haya. Mimi sikuyapigania, niliyachelewesha miaka miwili. Waliopigania ni wale kumi na wanne, na aliyewaongoza amekaa nyuma kabisa kwa sababu hakupewa kadi ya mwaliko. Mama Pacha, naomba usimame watu wakuone.

Hataki. Ni haki yake.

Wazazi wenzangu, nilidhani kuiomba serikali ijenge shule ni kutembeza bakuli, na mwanamume hatembezi bakuli. Nilikosea. Shule hii ni ya umma. Kila anayenunua sabuni dukani ameshaichangia kwa kodi yake. Kudai ijengwe ni kazi ya mzazi, sawa na kufua sare. Aibu si kuwa na watoto sakafuni. Aibu ni kuwaficha.

Nawashukuru walimu waliofundisha mpaka sauti zikakauka. Naishukuru serikali kwa kutimiza wajibu wake, ingawa tuliipotosha wenyewe.

Mheshimiwa, nina ombi ambalo halimo kwenye ratiba. Upande wako wa kushoto hema limezibwa kwa turubai, na nadhani umeambiwa ni kwa ajili ya jua. Jua liko kulia. Nyuma ya turubai ni chumba cha darasa la kwanza na la pili, mabati yametoboka, ukuta umeegemezwa magogo. Jana niliona watu wakilifunga, nikapita kimya nikaenda nyumbani. Mimi, baada ya yote haya. Kabla hujakata utepe, naomba uje nami hatua thelathini tu. Kamba nitazifungua mwenyewe.

Asanteni kwa kunivumilia, na asanteni kwa kunisikiliza.