Fausta Anselmo Mbawala na Ghala la Bombambili, 1974–2025

Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa kumi jioni, Fausta alikunywa chai kwa viazi vitamu na mumewe, Romanus Haule, barazani kwao Msamala, akamuuliza kama ameshakwenda kumwomba radhi Egidi, mchora vibao wa Mfaranyaki, naye Romanus, ambaye ni mpima ardhi, akajibu kwamba angekwenda Jumatano. Fausta alicheka, akasema, "Baba Careen, hata mipaka ya watu huwa unaipima hivyohivyo, keshokutwa."

Fausta alizaliwa Peramiho tarehe 3 Septemba 1974, mtoto wa nne wa mzee Anselmo na mama Benigna, akasoma shule ya msingi hukohuko, akahitimu kidato cha sita mwaka 1995, na mwaka 1999 akapata shahada yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akarudi kufundisha uchoraji katika shule za sekondari za Songea. Alifunga ndoa tarehe 24 Novemba 2001, wakajaliwa watoto wawili, Careen na Otto.

Mwaka 2016 alikodi ghala la mahindi Bombambili, akalifanya nyumba ya sanaa, ambamo Frida hufinyanga vichwa vya watu kwa udongo na nyuzi za magunia, Ramson huwasikilizisha wageni mngurumo wa mashine za kusaga wakiwa wamekaa gizani, na Egidi alitundika vibao vya saluni, kazi aliyoianza mwaka 1989. Wengi waliuliza vitu hivyo vinahusianaje, naye Fausta alijibu kwamba wote watatu wanatafuta jinsi mji huu unavyojiona, na hakuna wa kuwekwa nyuma ya mwenzake.

Tarehe 17 Mei, katika kikao cha kupanga maonyesho ya mwaka huu, Ramson alikataa kazi yake kupakana na vibao, na Romanus, alipoombwa maoni, alisema kibao cha saluni ni tangazo tu, ndipo Egidi akavishusha vibao vyake, akaondoka. Fausta alisema bila Egidi mlango hautafunguliwa.

Marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo Februari 2022. Jumanne tarehe 10 Juni alizidiwa, akapelekwa hospitali, akafariki saa kumi na moja jioni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Msamala, walimu wenzake, jumuiya, na wasanii waliolala nasi msibani.

Jumatano asubuhi Romanus alikwenda Mfaranyaki kwa miguu, akamkuta Egidi anapaka rangi nyeupe msalaba wa marehemu, akamwambia kwamba alikosea na kwamba aliyasema yale mbele za watu, hivyo angeyafuta mbele za watu, na leo, kwa kusomwa haya mbele yenu, yamefutwa. Egidi alimpa penseli aandike majina matatu ya marehemu na tarehe zake kwa usahihi, akayasoma mara mbili, kisha akasema vibao viko uani, vinane, bodaboda mbili zitatosha kuvirudisha ghalani.

Fausta, pumzika kwa amani ya Bwana, Jumamosi saa nne asubuhi tunafungua mlango.